Gari Linalokataa Kusukumwa

Same,
11 Januari 1970

Kwako Lugano,

Salamu nyingi kutoka Same. Mimi ni mzima, ila upepo wa huku una afya kunishinda.

Ile karavani ya Mgiriki imeletwa mjini. Bila shaka unaikumbuka. Ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba ya meneja pale shambani, chini ya mijohoro, na mimi nilipofika kazini mara ya kwanza nilidhani ni banda la kuku wa kizungu. Ulicheka mpaka spana ikakutoka mkononi. Serikali ilipochukua shamba la mkonge, magari yalikwenda Tanga, wewe ukayafuata, na karavani ikabaki, kwa sababu hakuna aliyejua kama iandikwe kuwa gari au nyumba.

Sasa Mganga wa Wilaya, Ndugu Benedikto, ameipatia kazi. Itakuwa kliniki ya mama na mtoto, kliniki ya kutembea. Ndani ina kitanda, meza ndogo yenye benchi mbili zinazotazamana, jiko la mafuta ya taa na makabati yenye vitasa vya shaba ili vitu visimwagike njiani. Mimi ndiye nitakayekaa humo. Nitalala humo, nitapima humo, nitazalisha humo ikibidi. Tutaanza na njia ya Vudee, kwetu, kwa sababu wajawazito wa kule hubebwa kwa machela mpaka bondeni, na wengine hawafiki.

Nimekwisha kuhamia. Wameiegemeza juu ya matofali nyuma ya ofisi, mlango unatazama milima. Watoto wa hapa wanaiita nyumba ya konokono. Sijui konokono wanamwita nani.

Kinachokosekana ni gari la kuikokota. Mkoa umesema tuchague moja katika yale yaliyokusanywa kwenye yadi yenu, tena tuseme kwa nini tumechagua hilo. Ndugu Benedikto anajua sindano, hajui injini. Aliuliza mkutanoni nani ana mtu anayeyajua magari. Watu walitazamana. Mimi nikasema, ninaye. Neno hilo lilinikaa mdomoni kutwa nzima.

Basi nakuuliza wewe: gari lipi linafaa? Wamesema pia kwamba dereva atatoka hukohuko na gari, na awe fundi, maana milimani hakuna gereji. Hili la dereva nimeliandika mwisho, lakini wewe usilisome mwisho.

Wako,
Asnath


Tanga,
24 Januari 1970

Mpendwa Asnath,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi, Sefu akiwa amesimama nyuma yangu. Sefu ni dereva wa yadi yetu, mtu wa Pangani, mfupi, na mdomo wake haujui likizo. Akasema, "Kurasa zote hizo kwa ajili ya gari? Huyo dada anataka meli." Nikamwambia akaoshe rejeta.

Haya, tuje kwenye kazi. Yadini kuna manne ya kufikiriwa. Kuna Pijo jeupe la meneja wako yule. Ni gari la raha, kwenye lami linateleza kama samli, lakini lilitengenezwa kwa watu na mabegi yao, si kwa kuvuta nyumba mlimani. Kuna Bedford iliyokuwa ikibeba mkonge. Hiyo ina nguvu za kukokota kanisa, ila ni ndefu na pana, na kwa njia mnazoziita barabara huko kwenu itabidi ibaki Bangalala, bondeni, ikiwatazama mkipanda kwa miguu. Halafu kuna Land Rover mbili, fupi na ndefu.

Watu wengi hudhani kukokota ni kuvuta tu. Kuvuta ni nusu ya kazi, na ni nusu nyepesi. Siku ya kupanda, gari linapambana na mlima. Siku ya kushuka, karavani iko nyuma yako na uzito wake wote, inataka kukupita. Hapo ndipo magari mepesi husukumwa mpaka korongoni. Gari linalofaa ni lile linalokataa kusukumwa. Liwe zito kuliko linachokikokota, liwe refu ili mgongo wake usiyumbishwe, na liwe na gia nzito za kutembelea polepole.

Nahitaji kujua mambo kadhaa. Karavani ina uzito gani, na ina breki zake yenyewe? Utapakia nini? Vitu vizito viweke karibu na ekseli ya magurudumu, kidogo mbele yake. Ukivirundika nyuma, karavani itanyanyua mkia wa gari na magurudumu yatakosa ardhi ya kushika. Njia ina upana gani penye kona?

La dereva tutalitazama. Kwanza gari.

Wako,
Lugano


Same,
15 Februari 1970

Lugano,

Uzito umeandikwa kwenye bati dogo karibu na mlango, nimekunakilia nyuma ya ukurasa huu. Breki inazo, zina kutu. Nitapakia kitanda cha kuzalishia, mizani ya watoto, masanduku ya dawa, madebe ya maji, na vitabu vyangu, ambavyo nimeviweka juu ya ekseli kama ulivyoagiza, kabla hata gari halijapatikana. Njia inashughulikiwa na watu wa Vudee wenyewe. Baba mdogo Elirehema ndiye kiongozi wao. Amefika hapa na kamba kuchukua vipimo.

Barua yako nimemsomea Ndugu Benedikto, sehemu ya magari. Aliniomba nirudie pale pa kusukumwa. Kisha akasema, "Huyu kijana angekuwa mganga." Sikumwambia kwamba mimi nimepasoma mara nyingi zaidi, na si kwa ajili ya magari.

Jioni upepo unashuka kutoka Vudee na kuitikisa karavani, kidogo tu, na kila mara nadhani tumeondoka. Nafungua dirisha. Ofisi iko palepale, mti uko palepale. Nakaa kwenye benchi moja na kuitazama ya pili. Nilipokuwa shule ya bweni tulilala wengi katika chumba kimoja na nilikuwa natamani siku nitakayokuwa na mlango wangu. Sasa ninao. Nikiufunga unatoa mlio mdogo wa shaba, kama mtu aliyekubali jambo bila kulipenda.

Sharifa anayeuza maandazi karibu na stesheni ananitania kila asubuhi. Leo amesema, "Nesi, nyumba yako ina magurudumu. Mume atakufuata kwa baiskeli?" Nikamjibu kwamba atakuwa mbele, si nyuma. Amecheka, na wateja wake wote wamecheka, na mimi nimeondoka bila maandazi.

Kila gari unalonieleza nalipanda kwanza kichwani. Pijo nimelipanda, Bedford nimeipanda. Nakaa kushoto. Natazama mbele, nasikiliza gia zikibadilishwa.

Land Rover ndefu ndiyo iliyonikaa vizuri. Lakini wewe ndiye fundi.

Wako,
Asnath


Vudee,
tarehe 22 mwezi wa tatu 1970

Kwa mwanangu Asnath,

Mimi mama yako Yudith naandika mwenyewe. Ukiona herufi zinapanda mlima ujue ni mkono wangu. Mwalimu wa kisomo amesema tumechoka na a e i o u, sasa kila mtu amwandikie mtu. Nimekuchagua wewe.

Mvua imekawia. Maharage yako chini bado. Mbuzi mwekundu amezaa.

Watu wa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wanapanua njia. Baragumu inalia alfajiri na kila nyumba inatoa mtu. Mimi nimepeleka makande. Wanaume wanasema makande hayana chumvi, halafu wanamaliza chungu. Wanaimba kwamba hospitali inakuja na miguu yake. Wazee waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, sasa wanashika jiwe moja.

Nikwambie jambo. Baba yako mdogo Elirehema alipokuja Same na kamba hakuipima nyumba yako. Aliingia, akaona umetandika kitanda, akatoka. Amesema kitanda cha mtu aliye hai hakipimwi kwa kamba. Yeye mara ya mwisho kumpima mtu wa nyumba hii kwa kamba alikuwa anampima baba yako kwa ajili ya kaburi. Kwa hiyo alipima gari la Bwana Shamba lililokuwa limesimama pale, akaongeza kidogo kwa jicho. Usimwambie neno. Amefanya kwa kukupenda.

Anauliza pia dereva ni nani na kwao ni wapi. Anasema kama ni dereva tu, atalala kwa balozi wa nyumba kumi. Kama si dereva tu, wenyewe wanajua namna ya kuja. Watangulize mtu mzima. Mimi nimesema sijui. Je, nimesema uongo?

Mkono umechoka.

Mama yako,
Yudith


Tanga,
17 Mei 1970

Mpendwa Asnath,

Kimya changu kisikutie hofu. Masika yamejaa yadini mpaka vyura wanalala ndani ya matairi, na karatasi za mkoa zimetembea polepole kuliko lori lolote ninalolijua.

Mkoa umekubali. Mtapata Land Rover ndefu. Nimeifungua yote na kuifunga upya. Klachi ni mpya. Ndoano ya kukokotea nimeichomelea mwenyewe kwenye fremu, si kwenye bampa kama wanavyofanya wavivu, na nimeiweka chini kidogo ili karavani isimame sawasawa, isiinamie mbele wala nyuma. Nimeijaribu kwenye njia ya Muheza na Amani, mlimani, nikikokota toroli la mkonge lililojazwa mawe. Kupanda, sawa. Kushuka niliitia gia ya kwanza, nikaondoa mguu kwenye breki, nikaiacha. Ilishuka kama mzee anayeshuka ngazi za kanisa. Haikusukumwa.

Nimeshughulikia kila kitu kana kwamba ni mimi nitakayekaa juu yake. Sefu anasema hata mama yake mzazi hakuwahi kumwosha kwa bidii ninayotumia kuiosha Land Rover hii.

Itakuja njia zikikauka, Julai. Utaijua ikiingia Same.

Wako daima,
Lugano


Same,
7 Juni 1970

Lugano,

"Kana kwamba ni mimi." Nimeipokea sentensi hiyo na kuiweka mahali salama.

Nimesugua kutu ya breki mpaka vidole vimegeuka rangi. Mlango nimeupaka rangi ya kijani. Nimemwandikia mama, na kupitia kwake baba mdogo, kwamba dereva ni mtu wa Rungwe, kwamba ana watu wake, na kwamba wakati ukifika watajitambulisha. Baba mdogo ameuliza Wanyakyusa wanakula nini. Nimemjibu kuwa nao wana migomba, tena mingi. Mama anasema amepoa.

Sitaandika tena mpaka Julai. Maneno mengine ni afadhali yasemwe garini.

Wako,
Asnath


Kona ya Jiwe, njia ya Vudee,
26 Julai 1970

Lugano,

Gari limefika. Nililisikia kabla sijaliona, nikatoka mpaka barabarani nikiwa na gauni jeupe la kazi ambalo nilikuwa nimelipiga pasi mara mbili. Sharifa alikuwa ameacha maandazi yake kuja kushuhudia. Likasimama. Akashuka mtu mfupi mwenye kofia, akaniamkia vizuri, akasema anaitwa Sefu na kwamba umemtuma na salamu. Nilitazama mlango wa pili. Niliutazama muda mrefu mpaka Sefu akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Niliingia garini baadaye, peke yangu. Kiti cha dereva kimesogezwa mbele na kuinuliwa kwa mto. Mto umeushona mwenyewe, naijua mishono yako. Kwa hiyo ulipokuwa unaniandikia mwezi wa tano ulikuwa umekwisha kumpima Sefu miguu.

Sasa taarifa ya safari, kwa kuwa wewe ni fundi na utataka kujua.

Tulipita Bangalala asubuhi. Gari lilipanda kama ulivyoahidi. Sefu aliliongoza kwa gia nzito bila haraka, akilisemesha, "Haya bibi, haya bibi," mpaka nikashindwa kujua bibi ni gari au ni mimi. Watu wa Vudee walikuwa wamejipanga juu ya njia, mama yangu mbele amevaa kitenge cha Krismasi. Tulipofika kwenye jiwe kubwa, penye kona, gari likapita. Karavani haikupita. Ilibana kati ya jiwe na ukingo, gari likavutwa nyuma, na springi ya nyuma ikalia kama mfupa unaovunjika.

Nyimbo zilikatika. Baba mdogo Elirehema alishuka na kamba yake. Safari hii aliipima karavani, mbele ya watu wote, kisha akaipima njia, kisha akakaa chini. Nilijua tangu Machi kwamba hakuipima. Mama alinieleza, nami nikanyamaza, kwa sababu binti hawezi kumwambia mzee, pima kitanda changu. Yeye alinyamaza kwa kunipenda na mimi nikanyamaza kwa kumheshimu, na njia ikawa nyembamba.

Jiwe lile halivunjiki kwa nyundo. Kurudi kinyumenyume na karavani mpaka Bangalala Sefu alikataa, na alikuwa na haki. Hivyo tuliifungua palepale, watu wakaisukuma kwa mikono mpaka kwenye sehemu tambarare chini ya jiwe, wakaweka mawe kwenye magurudumu. Mimi nimebaki nayo. Raheli, binamu yangu, aliletwa kwa machela wiki hiyohiyo na kujifungulia humu salama. Mtoto ni wa kiume. Ndugu Benedikto amesema kliniki ibaki hapa mpaka mkoa utakapotoa baruti, na gari lifanye kazi ya kuwashusha wagonjwa.

Chaguo lako la gari halikuwa na kosa lolote. Nataka ujue hivyo.

Asnath


Tanga,
16 Agosti 1970

Asnath,

Nilidhani unajua. Uliniuliza gari, nikakujibu gari, kwa nguvu zangu zote. Sikumjibu hata mkurugenzi wangu hivyo. Usiku na mchana nilikuwa chini ya ile Land Rover kwa sababu ni wewe utakayekaa ndani yake.

Nikuambie ukweli wangu. Hilo la dereva nililisoma mara ya kwanza kabisa, kabla ya yote. Nilisubiri useme zaidi. Wewe hukusema, na watu wako hawakuniita. Mjomba wangu Rungwe aliyenilea husema mwanamume akihamia kwa wakwe hata mbwa wa kule humwita kwa jina. Wewe utakuwa nesi wa mlima mzima, mimi nitakuwa nani? Dereva wa mke wangu, nalala kwenye nyumba aliyopewa na wilaya, nasubiri aniambie kesho tunakwenda wapi. Mbele ya mama yako. Nilijaribu kujiona hapo na sikujiona.

Lakini si kwamba sikutaki. Nimepewa nyumba ya kota hapa Ngamiani, vyumba viwili, bomba liko uani, na jirani zangu ni watu wa amani. Hospitali ya hapa inatafuta wakunga, nimeuliza mwenyewe. Sefu ataleta gari tutazame hiyo springi. Panda naye. Kiti cha kushoto ni chako. Karavani wataipatia mtu mwingine wa kukaa humo.

Njoo, Asnath. Ningesema haya zamani kama ningekuwa na ulimi wa Sefu.

Wako,
Lugano


Kona ya Jiwe,
6 Septemba 1970

Mpendwa wangu Lugano,

Sefu anaondoka na gari kesho, na barua hii anayo mfukoni. Mimi simo garini.

Nataka nieleze vizuri, kwa sababu tumekuwa hodari wa kueleza ekseli na wabovu wa kueleza mengine.

Hapa nilipo si kijijini na si bondeni. Watu wa juu wanasema nimekaa chini, wa chini wanasema nimekaa juu. Asubuhi kina mama wanashuka kutoka Vudee na wengine wanapanda kutoka Bangalala, wanakutana mlangoni pangu, wanasalimiana kwa namna ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kukutana kabla. Napima, naandika, nacheka nao. Adhuhuri wote wamekwisha kuondoka. Kuanzia hapo nasikia jiwe tu. Jiwe lina sauti, Lugano, likipoa jioni. Mama hunitaka nikalale nyumbani, lakini nyumbani ni mbali na njia, na mwenye uchungu hatafuti njia ya kwenda kwa mama yangu. Nabaki. Nasema na vitasa vya makabati. Juzi nilimwamkia mbuzi.

Ningependa bomba uani. Ningependa kukusikia ukivua viatu. Nimeifikiria nyumba yako ya Ngamiani mpaka nimejua mwanga unaingilia dirisha lipi. Lakini nikiondoka hapa hakuna mtu mwingine. Nimeuliza. Ndugu Benedikto amesema karavani itarudishwa Same, iwe stoo. Nimewaona waliobebwa kwa machela, wewe hujawaona. Siwezi kuja.

Sasa sikiliza kosa langu. Januari nilitaka kukuuliza kama utakuja tuishi pamoja, nikakuuliza gari lipi linafaa. Gari linaweza kuulizwa bila aibu. Likikataliwa unachagua jingine. Nilijificha nyuma ya Land Rover, na wewe ukajificha chini yake.

Kwa hiyo nakuuliza leo bila gari. Utakuja? Kuna treni kutoka Tanga mpaka Same. Kutoka Same kuna lori la watu wa sokoni mpaka Bangalala, na kuanzia hapo ni kutembea. Njia huwezi kuikosa, ni mpya. Ukija na mjomba wako mbele, baba mdogo Elirehema atawapokea kama inavyotakiwa. Ukija peke yako, nitakupokea mimi, na watakaosema waseme. Hutakuwa dereva wangu. Kliniki haina pa kwenda, imesimama. Kuna shule inayojengwa Vudee na hawana mtu wa kuwafundisha vijana ufundi. Na mbwa wa huku ni wawili tu, wote wazee. Hawatamwita mtu.

Jibu lolote nitalisoma mpaka mwisho. Ila usinijibu gari.

Wako, mimi mwenyewe,
Asnath


Tanga,
18 Oktoba 1970

Asnath,

Gari nimelipokea. Springi ilikuwa imepinda, nimeitoa na kuweka nyingine yenye jani moja la chuma la ziada kwa ajili ya wagonjwa, wasirushwe. Breki nimezikaza. Benchi la nyuma nimelitoa nikatengeneza mahali pa kufungia machela, na kamba zake ni ngozi, hazitawaumiza. Rejeta ilikuwa na uchafu wa majani, mwambie Sefu aisafishe kila jioni.

Kuhusu lile jingine, nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana. Karatasi za gereji zina mafuta, hata kuchanika hazichaniki vizuri.

Sefu amekubali kuendelea kuwa dereva wako. Mkewe, Mwamvita, atahamia huko pamoja naye, anasema hawezi kumwacha mume wake azeeke mlimani peke yake. Watahitaji chumba.

Ni dereva mzuri, hasa kwenye kushuka.

Lugano


Kona ya Jiwe, Vudee,
2 Novemba 1970

Kwa Fundi L. Mwasomola,
Yadi ya Magari, Tanga.

Ndugu,

Gari limefika likiwa zima. Sefu na mkewe wamepata chumba kwa balozi. Leo asubuhi limemshusha mama mmoja mpaka Same na kurudi kabla ya mvua. Machela haikutikisika.

Linafaa.

Wilaya ikihitaji tena kuchagua gari, mtu wa kuandikiana naye ni Ndugu Benedikto.

Katika ujenzi wa taifa,
A. E. Mmbaga,
Muuguzi Mkunga